Tairi moja linapata moto? Huenda kalipa inadai mipira tu

Umetoka Mbezi hadi Posta kwenye foleni. Unashuka, pua inakutana na harufu ya kitu kinachoungua. Unazunguka gari: rimu tatu ni vuguvugu tu, ya nne ukisogeza mkono unaurudisha haraka.

Hapo kuna uwezekano mkubwa kalipa imekwama, yaani breki ya tairi hilo haiachii hata ukishatoa mguu. Dalili nyingine ni gari kuvutia upande mmoja na mafuta kuisha haraka kuliko zamani.

Ukifika gereji jibu mara nyingi ni moja: "Nunua kalipa nyingine." Na hiyo nyingine kwa kawaida ni ya mtumba, ambayo hakuna anayejua mipira yake ya ndani ina umri gani. Kumbe kinachochakaa zaidi humo ndani ni mipira miwili, na inauzwa peke yake. Ulizia ripea kiti ya kalipa, taja aina na mwaka wa gari lako.

Kazi yenyewe inawezekana nyumbani. Ila ni breki, sio redio. Ukikosea, gari halisimami.

Nani anairudisha pistoni?

Ukikanyaga breki, mafuta yanasukuma pistoni, pistoni inasukuma pedi, pedi zinabana diski. Hapo wengi wanajua. Ukiachia je? Hakuna springi inayoivuta pistoni irudi.

Kazi hiyo inafanywa na mpira mmoja wa duara uliokaa kwenye mfereji ndani ya kalipa, ukiwa umeikumbatia pistoni. Pistoni ikitoka, mpira unajipinda nayo. Presha ikiisha, unajinyoosha na kuivuta nyuma kwa sehemu ndogo sana ya milimita. Inatosha kabisa diski kuzunguka huru. Mpira huohuo ndio unaozuia mafuta yasivuje.

Ukizeeka na kukakamaa, hauvuti tena. Wa pili, ule wa nje wa kuzuia vumbi, ukichanika, maji na mchanga vinaingia na pistoni inashika kutu. Kutu inaweza hata kuanzia ndani, kwa sababu mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka.

Hakikisha kwanza, usifungue kwa hisia

Pandisha gari, zungusha tairi linalosumbua. Likiwa gumu, legeza kidogo nati ya kutolea upepo iliyo kwenye kalipa. Mafuta yakichuruzika na tairi likaachia, maana yake presha ilikuwa imenaswa. Mshukiwa wa kwanza hapo ni hosi ya mpira iliyovimba kwa ndani: inapitisha mafuta kwenda, inayakatalia kurudi. Watu wamebadilisha kalipa mbili mfululizo kumbe tatizo ni hosi.

Tairi likibaki gumu, tatizo ni pistoni au zile pini ambazo kalipa inateleza juu yake. Angalia pedi. Ya ndani ikiwa imeisha na ya nje bado nene, mara nyingi pini ndizo zimekauka. Zisafishe, paka grisi maalumu ya breki, na huenda umemaliza.

Kuitoa pistoni bila kuumia

Jeki peke yake haitoshi, weka gari kwenye stendi. Kalipa ukiifungua ifunge kwa waya pembeni, isining'inie kwenye hosi yake.

Toa pedi, weka kipande cha ubao mahali pake, kisha mtu akanyage breki taratibu huku hosi ikiwa bado imefungwa. Pistoni itasogea yenyewe hadi karibu kutoka. Mafundi wengi hutumia upepo wa kompresa. Upepo huo unaweza kuirusha pistoni kwa nguvu ya kuvunja vidole. Mimi ningechagua mguu wa rafiki.

Weka beseni, fungua hosi, malizia kuitoa kwa mkono. Mafuta ya breki yanababua rangi ya gari, kwa hiyo yakimwagika mwagia maji mapema.

Mpira wa zamani uchokoe kwa kijiti cha mbao au plastiki. Bisibisi inakwaruza mfereji.

Petroli: kosa linalorudiwa kila siku

Nimewahi kusimama gereji moja ya mtaani nikamwona kijana akiosha mipira mipya kwa petroli "ili iwe safi". Petroli, dizeli, oili ya injini na grisi ya kawaida huivimbisha mipira ya breki. Siku ya kwanza utaona breki iko poa. Baadaye mpira uliovimba unaibana pistoni, na unarudi palepale ulipoanzia. Osha kwa mafuta mapya ya breki au spiriti, basi.

Sasa pitisha ukucha juu ya pistoni. Ukikwama kwenye shimo au mkwaruzo, nunua pistoni mpya, kwa sababu mpira unazibia juu ya uso huo. Usiipige msasa ukijipa moyo.

Paka mpira mpya na pistoni mafuta ya breki, kisha isukume kwa mkono ikiwa imenyooka. Ukijikuta unatafuta nyundo, ujue imeenda upande. Itoe uanze tena. Kwenye bolti ya hosi weka washa mpya za shaba. Na kama umefungua kushoto, fungua na kulia. Mipira yake ni ya umri uleule.

Mtego wa kushoto na kulia

Ukifungua zote mbili kwa pamoja, ziwekee alama. Kwenye magari mengi kalipa ya kushoto inaingia vizuri tu kulia, ila nati ya kutolea upepo inageukia chini. Upepo hukaa juu. Utatoa upepo hadi jioni na pedali itabaki laini. Nati hiyo lazima iwe juu.

Mafuta soma kwenye kifuniko cha chupa yake. Kama ni DOT 3 au DOT 4, usichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni. DOT 3 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 205, lakini ikishanyonya maji kiwango kinashuka hadi 140. Ndiyo maana mafuta ya kale hukusaliti ukishuka Kitonga: yanachemka, yanatoa mvuke, pedali inazama.

Kutoa upepo mnahitaji watu wawili. Mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine anafungua nati, anaifunga, ndipo wa kwanza anaachia. Chupa ya mafuta isikauke hata mara moja. Kwenye gari lenye ABS, upepo ukiingia kule unaweza kuhitaji mashine ya gereji kuutoa.

Kalipa za nyuma zenye hendibreki ndani yake mwachie fundi. Pistoni zake nyingi hurudi kwa kuzungushwa, na ukizilazimisha unazivunja.

Kabla ya kusogeza gari, pampu breki injini ikiwa imezimwa mpaka pedali iwe ngumu. Usipofanya hivyo, mkanyago wa kwanza unazama hadi chini, na getini huenda kuna mtoto. Jaribu uani kwa mwendo wa miguu, kisha mtaani. Asubuhi yake chungulia nyuma ya tairi na uangalie kimo cha mafuta kwenye chupa. Kukiwa na unyevu, au mafuta yamepungua, gari lisitoke.