Redio ya FM na Mlima: Habari ya Kagunga

Wanachama wengine wametuuliza kwa nini redio ikiwekwa juu ya kilima husema waziwazi, na ikishushwa bondeni mikarafuuni hukoroma tu. Wako wanaodhani ni betri. Sababu ni ardhi, na mahali paonyeshapo jambo hili wazi kuliko kwetu ni Kagunga, kijiji cha mkoa wa Kigoma ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mpakani na Burundi.

Zamani tulisikiliza mawimbi mafupi. Hayo hupanda angani yakarudishwa chini, ndipo mtu wa Pemba akasikia Cairo na London; lakini sauti ilikuja na mikwaruzo, na radi ikipiga hufahamu neno. FM, aliyoibuni Mmarekani Edwin Armstrong akapewa hataza mwaka 1933, haisumbuliwi sana na radi, nayo hubeba sauti yote, tangu ngoma nzito hata zumari. Kwa hiyo wapenda muziki waliikimbilia. Marekani, tangu mwisho wa miaka ya 1960, stesheni za FM zilipiga santuri za roki upande mzima bila kukatiza, na leo ziko stesheni za mikoa zisizopiga ila roki hiyo ya zamani. (Mmoja wa waimbaji wake mashuhuri, Freddie Mercury wa kundi la Queen, alizaliwa hapa Unguja mwaka 1946.) Kwetu Tanzania nyimbo za zamani ni zilipendwa, na stesheni za watu binafsi zilifunguliwa mlango kwa sheria ya mwaka 1993.

Lakini uzuri huo una bei yake. Wimbi la FM huenda karibu sawa na mwanga wa mnara wa taa: linakoona, linafika, palipo na kizuizi, hufifia au hukatika. Mlingoti wenye kimo cha mita 100 juu ya maji huona kilomita 40 hivi. Ukitaka kilomita 80, mita 200 hazitoshi, zatakiwa 400. Basi mwenye stesheni hutafuta kilima kwanza, mtambo baadaye.

Sasa tutazame Kagunga. Toka Kigoma mjini ni kiasi cha kilomita 50 kaskazini, na katikati imesimama milima ya Gombe. Ziwa liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari; milima hiyo yapanda hata 1,500. Wimbi litokalo mjini likielekea kijijini hukutana na ukuta huo. Magharibi ni maji matupu hata Kongo. Hivyo mtu aweza kukaa katika nchi yake, na redio yake ikapokea ya ng'ambo kwa wepesi zaidi.

Hili si jambo la nyimbo tu. Mwezi Mei 2015 wakimbizi wa Burundi waliokusanyika Kagunga walikuwa makumi ya maelfu, wakingoja meli, Liemba mmojawapo, iwachukue Kigoma. Na kipindupindu kikazuka. Mahali kama hapo neno la kuchemsha maji lapasa kumfikia kila mtu siku ile ile, wala wimbi halipindi mlima kwa sababu watu wana dhiki. Redio Kwizera ilianzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Kijesuti la wakimbizi kwa haja ya namna hiyo.

Dawa yake ni mtambo wa kupokezana uwekwao kileleni: husikia stesheni ya mjini, ukaitoa tena upande wa pili, mara nyingi kwa namba nyingine. Msikilizaji basi aizungushe redio, asikae kwenye namba ya mjini akalalamika.

Kwetu, karafuu zikiwa juani na mvua yaweza kuzifanya mpeta, tangazo la hali ya hewa lina thamani. Usiweke redio nyuma ya ukuta wa mawe wala bondeni. Inua waya wake wote, uuelekeze juu, na ikikoroma isogeze hatua moja au mbili, maana wimbi la FM lina urefu wa mita tatu tu, na pengine hatua moja yatosha.