Kuhamia Toleo Jipya Bila Kupoteza Faili za Wagonjwa (Sehemu ya Pili)

Karani wa mapokezi katika kituo cha afya pande hizi za Lugulu akiandika "Wafula" kwenye kompyuta, huletewa orodha ndefu. Wabukusu huwapa watoto majina kwa misimu, na akina Wafula, waliozaliwa wakati wa mvua, ni wengi. Inayomfikisha upesi kwa Wafula anayemtaka ni faharasa ya utafutaji, ambayo ni kitu tofauti na hifadhidata iliyobeba rekodi. Faharasa ikiharibika hujengwa upya kutoka kwa rekodi. Rekodi zikipotea, zimepotea.

OpenMRS, programu ya rekodi za wagonjwa iliyoanza kutumika Eldoret mnamo 2006 na ambayo KenyaEMR imejengwa juu yake, inatumia vyote viwili: MySQL hutunza rekodi, Lucene hutafuta. Waundaji wa MySQL waliacha kurekebisha kasoro za toleo la 5.7 Oktoba 2023, kwa hiyo kubakia huko ni kuacha mlango wazi. Lakini ukihamia 8.0 hakuna kurudi nyuma. Mafaili yakishabadilishwa, 5.7 haiwezi kuyasoma tena. Aliye bado kwenye 5.6 hana budi kupitia 5.7 kwanza.

Ndiyo maana nakala ya akiba hutangulia. Mafundi wengi hujibu "bekapu iko" na kumbe hakuna aliyewahi kuifungua! Irejeshe kwenye kompyuta nyingine, weka toleo jipya huko, kisha mwache karani aitumie kama kazini. Hapo ndipo vikwazo hujitokeza. Toleo la 8.0, kwa mfano, lilifanya "rank" na "groups" kuwa maneno yake maalumu, na jedwali lenye mojawapo ya majina hayo hugoma. Njia yake ya kuhakiki nywila nayo ni mpya, hivyo programu kuukuu huweza kukataliwa mlangoni.

Siku yenyewe, chagua saa ambayo wagonjwa ni wachache na hakikisha betri ya akiba ina chaji, kwa maana stima ikipotea katikati ya kazi utajuta. Simamisha programu, chukua nakala ya mwisho, ndipo uanze. Ukimaliza, jenga faharasa upya, hasa ikiwa OpenMRS nayo imekuja na Lucene mpya: toleo kuu la Lucene husoma faharasa zake na za toleo kuu lililotangulia tu. Kisha tafuta majina uliyoyaandika mapema pamoja na idadi ya matokeo yake. Jaribu Wekesa, jaribu na Wekhesa. Idadi ikipungua, usifungue mapokezi.

Nakala hizo ni siri za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazilinda, kwa hiyo zisitembezwe mfukoni kwenye flashi.

Mkuu wa kituo, usimruhusu fundi aguse seva kabla hujaiona kwa macho yako nakala iliyorejeshwa ikifanya kazi. Wiki ijayo tutazungumzia vituo vyenye seva zaidi ya moja.