Moshi wa Jikoni Unavyofika Moyoni

Moshi wa kuni hulaumiwa kwa macho mekundu na kikohozi kisichoisha, na watu wengi huishia hapo. Takwimu za Shirika la Afya Duniani (WHO) zinaonyesha madhara makubwa zaidi kwingine. Mwaka 2020, hewa chafu ya majumbani ilihusishwa na vifo takribani milioni 3.2 duniani, ambapo asilimia 32 vilitokana na maradhi ya moyo yanayoletwa na mishipa kuziba, na asilimia 23 na kiharusi. Zaidi ya nusu ya vifo hivyo, basi, vilipitia kwenye moyo na mishipa ya damu.

Kinachodhuru zaidi ni chembechembe zisizozidi maikromita 2.5, ambazo unene wa unywele unazizidi mara 30 hivi. Pua na koo hazizinasi. Hushuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, pale oksijeni inapoingilia kwenye damu. Mwili hupambana nazo kama unavyopambana na vijidudu, na kemikali za mapambano hayo husambaa mwilini. Kuta za ndani za mishipa huharibika, mishipa hushindwa kutanuka inavyotakiwa na presha hupanda. Miaka ikipita, mafuta hujijenga kwenye kuta hizo, huku damu nayo ikizidi kuwa rahisi kuganda. Mara nyingi mgonjwa hasikii lolote mpaka siku ya mshtuko wa moyo.

Mkaa uliokolea una hadaa yake, kwa kuwa moshi wake ni mchache. Hutoa kwa wingi kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania himoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Likiingizwa chumbani usiku wa baridi, milango ikafungwa, jiko la mkaa huweza kuua kwa saa chache. Kwa kiwango kidogo cha kila siku, gesi hiyo huulazimisha moyo kufanya kazi na oksijeni pungufu, jambo la hatari kwa mtu ambaye mishipa yake imeanza kuziba.

Anayeumia zaidi ni mpishi. Maharage makavu hukaa motoni saa mbili au zaidi, na muda wote huo kuna kuni za kusogeza, maji ya kuongeza na moto wa kupuliza. Kila anapoinama kupuliza, mpishi huvuta moshi ukiwa mzito kuliko mahali pengine popote nyumbani, mara nyingi akiwa na mtoto mgongoni.

Nafuu hupatikana. Katika milima ya Guatemala, wanawake waliopewa majiko yenye bomba la kutolea moshi walipimwa presha, na utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kipimo cha juu kimeshuka kwa takribani mmHg 3.7. Kwa mtu mmoja ni kidogo. Kwa jamii nzima si haba. Tatizo ni kwamba hatari ya moyo hupanda kwa kasi moshi ukiwa bado mdogo, kisha kasi hiyo hupungua kadiri moshi unavyozidi. WHO inataka wastani wa mwaka usizidi maikrogramu 5 za chembechembe hizo kwa mita ya ujazo, wakati jiko la kuni lililofungiwa ndani huweza kufikisha mamia. Jiko linalopunguza moshi huo kwa nusu huweza kuokoa kuni nyingi, lakini huiacha hatari ya moyo karibu palepale. Kampeni za majiko banifu hazilisemi hili vya kutosha.

Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034. Kumiliki mtungi wa gesi, hata hivyo, hakumaanishi mkaa umeachwa. Katika nyumba nyingi gesi huchemsha chai na kukaanga mayai; maharage na makande hubaki kwenye mkaa, yaani vyakula vilevile vinavyokaa motoni muda mrefu. Sababu ni ya mfukoni: mtungi hujazwa kwa fedha za mkupuo, mkaa hununuliwa kwa kopo. Kwa nyumba yenye umeme, jiko la presha la umeme huivisha maharage hayo kwa chini ya saa moja, kwa umeme usiofika uniti moja.