Pakiti moja ya ORS, maji kiasi gani?

Wazazi, mtoto akianza kuharisha wengi wenu hukimbilia pakiti ya ORS, na hapo mnafanya vyema. Tatizo huja kwenye maji. Mmoja humimina pakiti nzima katika kikombe cha chai ili dawa “iwe kali”. Mwingine huigawa kwa macho, nusu leo nusu kesho. Hilo la ukali nalisikia kliniki kila msimu wa mvua.

Hesabu yenyewe ni hii. Pakiti ya gramu 20.5 ina gramu 2.6 za chumvi ya kawaida na gramu 13.5 za glukosi, na imepimwa kwa lita 1 ya maji. Ukiitia kwenye nusu lita, kila kitu kimekuwa maradufu. Mchanganyiko mkali hivyo huvuta maji ya mwili kuyaingiza kwenye utumbo, kuharisha huzidi, na chumvi ikipanda kwenye damu mtoto anaweza kupata degedege. Maji yakizidi nayo, chumvi anayoipoteza hairudi ya kutosha.

Soma pakiti kwanza, maana zipo pia za nusu lita. Huna chombo cha kupimia? Chupa mbili za maji za mililita 500 zinatosha. Chemsha maji, yapoe, koroga pakiti yote, kisha onja: isizidi chumvi ya machozi. Usiongeze sukari wala soda. Zikipita saa 24, mwaga.

Mpe kwa kijiko, polepole, na ziwa la mama lisikatwe. Akitapika, subiri dakika 10 uendelee. Akilegea, macho yakiingia ndani au akishindwa kunywa, mpeleke zahanati mara moja.