Mtihani wa uraia kule Marekani: namna ya kumsaidia dada yako ukiwa hapa

Familia nyingi za Kivu leo zina mtu Marekani. Wengi hawakutoka hapa moja kwa moja. Walikimbia vita, wakaishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu kule Tanzania, Nakivale kule Uganda au Kiziba kule Rwanda, na kutoka huko wakapelekwa Kentucky, Texas, Idaho na kwingineko. Sasa miaka imepita, na simu zinazoingia zinaleta habari mpya: "Nimeitwa kwenye mtihani wa uraia, mniombee." Kuomba tunaomba. Lakini kuna mengine tunayoweza kufanya, hata tukiwa na mega chache tu ndani ya simu.

Kwanza tuelewe safari yenyewe. Mkimbizi akiisha kukaa mwaka mmoja anaomba karatasi ya kukaa daima, ile wanayoita grini kadi. Miaka 5 ikitimia, na kwa mkimbizi inahesabiwa kwa kawaida tangu siku aliyoingia, anaweza kujaza fomu ya uraia inayoitwa N-400. Fedha ya fomu hiyo inapita dola 700, ingawa mwenye mapato madogo anaruhusiwa kuomba apunguziwe au asamehewe. (Mwezi ule tusimwombe dada fedha ya likelemba.) Halafu anaitwa mbele ya ofisa. Ofisa anamuuliza kwa Kiingereza habari zilizo ndani ya fomu, anamsomesha sentensi, anamwandikisha sentensi, na mwisho anamuuliza maswali ya historia na ya serikali ya Marekani. Kusoma anapewa hadi sentensi tatu, akifaulu moja inatosha. Kuandika ni vilevile.

Swali la kwanza la kumuuliza dada ni hili: fomu yako uliipeleka tarehe gani? Waliopeleka kuanzia tarehe 20 mwezi wa 10 mwaka 2025 wanajifunza maswali 128. Ofisa anauliza hadi 20, na lazima wapate 12. Waliopeleka mbele ya tarehe hiyo wana orodha ya zamani ya maswali 100. Wanaulizwa hadi 10, na 6 yanatosha. Tunasema hivi kwa sababu sauti na karatasi za zamani bado zinazunguka katika Watsapu, na mtu anaweza kujichosha miezi mitatu kwa orodha isiyo yake.

Mama mmoja aliyekuwa wa kikundi chetu, sasa yuko Kentucky, aliachia shule mwaka wa pili wa msingi. Anafanya kazi katika kiwanda cha nyama. Kwao ikiwa jioni, kwetu ni usiku wa manane, kwa hiyo tulikubaliana kutumiana sauti: yeye anasikiliza ndani ya basi, sisi tunasikiliza jibu lake asubuhi mbele ya kwenda shuleni. Sisi walimu tunajua kwamba mtu mzima haanzi na a, e, i, o, u kama mtoto wa kwanza msingi. Anaanza na kitu chake mwenyewe. Tulianza na jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa, avenyu anayokaa, majina ya watoto wake. Herufi za majina hayo zilipomkaa mkononi, tuligundua kwamba tayari ana zaidi ya nusu ya alfabeti. Hapo ndipo tuliingiza maneno ya mtihani, na yenyewe si mengi kama watu wanavyoogopa: orodha ya maneno ya kusoma na ya kuandika inatolewa wazi na idara ya uhamiaji, na mengi yanarudi-rudi, kama Washington, Lincoln, bendera, prezida, kupiga kura.

Kwa maswali ya historia tulitumia Kongo. Sisi tunajua tarehe 30 mwezi wa 6, 1960. Wao ni tarehe 4 mwezi wa 7, 1776. Prezida wetu anachaguliwa kwa miaka 5, wa kwao kwa miaka 4. Sisi tuna majimbo 26, wao 50, na ndizo nyota 50 za bendera yao. Mistari ya bendera ni 13 kwa sababu walianza na makoloni 13 ya Waingereza. Mama yule alicheka sana aliposikia kwamba Wamarekani nao walikuwa koloni. Tangu siku hiyo hakusahau tena swali lolote la uhuru.

Lakini wanaoanguka si wote wanaoangushwa na historia. Wengine wanaangushwa na adabu yetu. Sisi tumelelewa kumjibu mkubwa "ndiyo", hata kama hatukusikia vizuri. Fomu ile ina maswali mengi yanayoanza na "Je, umewahi": umewahi kuwa katika kundi la silaha, umewahi kudanganya Leta, umewahi kumtesa mtu? Mama anayeitika "yes, yes" kwa heshima anaweza kukubali mbele ya ofisa jambo ambalo hakulifanya kamwe. Kwa hiyo mazoezi makubwa ya kwenye simu yawe hapa. Mwulize maswali hayo kwa Kiswahili, mpaka aelewe kila moja linataka nini. Kisha afunzwe kusema kwa Kiingereza kwamba hakuelewa, na kuomba arudiliwe. Kuomba kurudiliwa kunaruhusiwa, na si kumkosea ofisa heshima.

Kuna swali tunaloulizwa mara nyingi: mama mzee anafanyaje? Sheria yao inasema mwenye miaka 50 aliyekaa na karatasi ya kukaa daima miaka 20, au mwenye miaka 55 aliyekaa nayo miaka 15, anaachiliwa mtihani wa Kiingereza. Maswali ya uraia anajibu kwa lugha yake akiwa na mkalimani. Mwenye miaka 65 aliyekaa miaka 20 anajifunza maswali 20 tu. Tufanye hesabu basi. Mama aliyefika akiwa na miaka 45 atasubiri mpaka afike 60 ili aulizwe kwa Kiswahili. Miaka 15! Kwa maoni yetu, mwenye nguvu ya kujifunza asingoje. Kwa yule ambaye ugonjwa au kilema kinamzuia kujifunza, daktari anaweza kumjazia fomu N-648, lakini kutokujua kusoma peke yake hakuhesabiwi kuwa ugonjwa.

Tena kuna watoto. Mtoto aliye chini ya miaka 18, mwenye grini kadi na anayelelewa huko na mzazi wake, anakuwa raia siku ileile mzazi anapoapa. Akiisha kutimiza 18, atajaza fomu yake mwenyewe, atalipa na kufanya mtihani wake. Mama yule wa Kentucky alikuwa na kijana aliyebakiza miezi 7. Ndiyo maana alipoanguka mara ya kwanza katika kuandika, alilia usiku mzima. Tulimkumbusha kwamba anayeanguka anaitwa tena baada ya siku kati ya 60 na 90, na anarudia tu sehemu iliyomshinda. Tuliandika sentensi tano kila siku. Aliapa mwanawe akiwa bado na wiki tatu.

Sasa upande wetu wa Kongo, ambao watu hawapendi kuuzungumza. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na haushikwi pamoja na mwingine. Sheria ya tarehe 12 mwezi wa 11, 2004 inasema anayechukua uraia wa kigeni anapoteza ule wa Kongo, ingawa inaweka pia njia ya kuurudisha. Tunajua wengi wana pasiporti mbili na hawaulizwi. Lakini mwaka 2007 hata Bunge la Kinshasa lilitikiswa na habari hiyo hiyo. Dada akiisha kuapa, kwa sheria atahitaji viza aje kumzika mama yake.

Na kuna parsele. Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1973, haki ya kushika kiwanja bila kikomo ni ya Mkongomani tu. Mgeni anapewa kwa miaka yenye mwisho, 25, akiiomba upya. Kama dada ana kiwanja hapa, au anatuma fedha kila mwezi kwa ajili ya kujenga, familia ikae mbele ya siku ya kiapo, imuulize mtu wa sheria, na ikubaliane jina gani linaandikwa kwenye cheti. Jambo hilo lizungumzwe naye akiwa kwenye simu, si kaka zake peke yao sebuleni.