Sufuria Imeungua, Kemia I Wapi?

Jumapili moja ya mvua, katika mtaa wa Manyatta hapa Kisumu, mpwa wangu aliye kidato cha nne aliinjika sufuria ya nyoyo juu ya jiko la makaa, akaketi kando yake kujisomea. Nyoyo, kwa msomaji asiyeishi huku ziwani, ni mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, nacho ni chakula kisichotaka pupa. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo maji yake huchemka yakifika nyuzi 96 hivi, wala si 100 kama kule Mombasa. Maharagwe ya Kisumu hukawia kuiva. Binti alisoma, maji yakakauka, na harufu ya kuungua ndiyo iliyomwinua kitabuni. Kitabu chenyewe kilikuwa cha kemia, nacho kilikuwa wazi kwenye sura inayoeleza madini ya alumini.

Sikisimulii kisa hiki ili kumcheka mtoto wa watu. Aliyezidisha uharibifu ni mimi, kama itakavyobainika.

Jambo la kwanza alilofanya ni kukimbilia mtungi ili aimwagie sufuria maji baridi. Nyanya yake, ambaye sote twamwita Dani, alimshika mkono. Dani hajasoma fizikia, lakini ameona sufuria nyingi zilizopinda vitako hata zikawa zinayumba jikoni kama mtumbwi. Maadamu mna maji ndani, kitako cha sufuria hakiwezi kupata joto la kupita sana lile la maji yanayochemka. Maji yakiisha, joto hupanda upesi, na kwenye makaa makali yanayopulizwa na upepo laweza kuikaribia nyuzi 660, kiwango ambacho alumini huyeyuka. Bati jembamba lililopata moto wa namna hiyo, likimwagiwa maji ya baridi kwa ghafla, hujikunja upande mmoja kabla ya mwingine. Iliamuliwa basi sufuria iteremshwe na kuachwa ipoe yenyewe. Nyoyo za juu zilihamishiwa kwenye bakuli bila kuzikoroga, kwani anayekoroga huieneza ladha ya moshi katika chungu kizima. Tulizila. Zilikuwa na harufu kidogo, lakini njaa haina mwiko.

Ukaja usiku na swali la ule ukoko mweusi. Hapo ndipo nilipojitwika ubingwa. Nilikumbuka jinsi marehemu mama alivyosugua vyombo kwa majivu, nikaagiza sufuria ijazwe majivu ya kuni na maji ya moto, ilale hivyo hadi asubuhi. Kabla sijalala nilisikia mchemko mdogo ndani yake, ilhali haikuwa motoni. Nilifurahi nikidhani kwamba uchafu ulikuwa ukibanduka. Kulipokucha, ukoko ulikuwa palepale, na pale palipokuwa safi pamegeuka kijivu, pana vishimo vidogo vidogo kana kwamba pameguguniwa na panya.

Binti aliniletea kitabu chake. Hakusema neno la kunivunjia heshima. Alinyoosha kidole tu. "Mjomba, nadhani ni hili hapa." Ukurasa ulieleza kwamba alumini hujivika utando mwembamba wa oksidi unaoikinga na hewa na maji, na kwamba utando huo huyeyushwa na asidi kali na vilevile na alkali. Ukishaondoka, alkali huivamia alumini yenyewe na kutoa gesi ya hidrojeni. Majivu yaliyolowa ni alkali. Kile nilichokisikia usiku ilikuwa hidrojeni ikitoka katika sufuria ya dada yangu.

Nimelitafakari jambo hili kwa majuma kadhaa. Mama hakukosea. Majivu yalikuwa dawa njema kabisa ya vyombo vya zamani. Chungu cha udongo, ambacho Waluo hukiita agulu, hakidhuriwi na majivu. Jirani zetu Waluhya walipika mboga kwa maji yaliyochujwa katika majivu, na vyungu vyao vikadumu. Kisha sufuria ya alumini ikaingia, nyepesi na yenye kung'aa, ikachukua nafasi ya chungu pasipo kuja na maagizo yake. Tulibadilisha chombo tukabaki na elimu ya chombo cha kwanza. Ndiyo maana hata magadi tunayotia ili maharagwe yalainike huiacha sufuria nyeusi, nasi huilaumu sufuria.

Elimu ya chombo kipya ipo. Hufundishwa katika kila shule ya sekondari nchini, huandikiwa milinganyo na hutahiniwa katika KCSE. Binti huyu angeulizwa katika karatasi ya mtihani kinachotokea alumini ikitiwa katika alkali, angejibu na kupata alama zote. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba alumini ya kitabuni ndiyo hii aliyoipakua nyoyo, na kwamba alkali imo katika majivu ya jiko. Nawauliza waalimu, kwa heshima zote: ni mara ngapi sufuria imeingizwa darasani? Kifaa hiki hakihitaji maabara wala bajeti ya wizara. Ningependa pia wanafunzi wajue kwamba Hall wa Marekani na Héroult wa Ufaransa, waliogundua mwaka 1886 njia rahisi ya kuipata alumini kwa umeme, kila mmoja kivyake, walikuwa vijana waliozaliwa mwaka mmoja, 1863. Umri wao haukuwa mbali sana na wa wanafunzi hao.

Tuirudie sufuria. Tuliyamwaga majivu, tukaiosha, tukaitia maji safi na chumvi kidogo, ikachemka polepole kwa muda wa nusu saa. Ukoko ulianza kulegea, nasi tukaubandua kwa mwiko wa mti, si kwa kisu. Tuliyarudia hayo mara tatu. Weusi uliosalia tuliuchemshia maji ya ndimu kwa dakika kumi, kisha tukasuuza mara moja, kwani hata asidi hafifu haifai kulazwa humo. Mchanga, ambao akina mama huutumia wakiosha vyombo ufuoni mwa ziwa, twaweza kuutumia kwa mkono mwepesi: hukwaruza utando, lakini utando huo hujifuma upya mara tu alumini inapokutana na hewa.

Kitako kilichokuwa kimepinda kidogo tulikipeleka kwa mafundi wa jua kali sokoni Kibuye. Fundi alikilaza juu ya chuma, akakigonga kwa nyundo ya mti, akaniuliza kwa nini nisinunue nyingine nzito aliyoimimina mwenyewe kwa vyuma chakavu. Nilisita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliopima vyombo vya alumini vya aina hiyo kutoka nchi kumi, Kenya na Tanzania zikiwemo, uliona kwamba baadhi yavyo hutoa madini ya risasi vinapochemshiwa asidi hafifu mfano wa siki. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Simlaumu fundi, kwa kuwa hana kipimo cha kumwonyesha kilichomo katika injini kuukuu anazoziyeyusha. Lakini mji huu hupenda samaki wa nyanya, na nyanya ina asidi. Kupima vyombo hivyo ni kazi ya wenye dhamana ya ubora wa bidhaa, nayo haifai kuachiwa mnunuzi anayegongagonga sufuria kwa ukucha akisikiliza mlio.

Sufuria yetu imerudi jikoni. Ina mabaka ya kijivu ndani, kumbukumbu ya ubingwa wangu, nayo sasa hutumiwa kuchemshia maji ya chai tu. Nyoyo zimehamishiwa kwenye agulu la Dani, na huko magadi hayana kesi.