Umepata saa ya mtumba? Pima masikio kwanza ndipo ununue mkanda

Kama umewahi kushuka Kariandusi, unalijua lile vumbi jeupe. Linatoka machimbo ya diatomaiti kando ya barabara ya Nairobi kwenda Nakuru, na likishaingia kwa viatu umekwisha. Wageni huja kuona mashoka ya mawe ambayo Louis Leakey alianza kuyafukua hapa mwishoni mwa miaka ya 1920, wanapiga selfi, halafu wanakimbilia nyama choma Kikopey. Mimi nimelelewa hapa na stori yangu leo si ya mawe. Ni ya saa.

Guka wangu alikuwa na Seiko 5. Alienda nayo kazini, kanisani na hata kwa ng'ombe. Mwaka niliojiunga na chuo ilipotea mkononi mwake, na nilipouliza akasema imeharibika. Ni Cucu aliyenifungulia siri baadaye sana: saa iliuzwa pamoja na mbuzi wawili, pesa zikaingia kwa karo yangu. Chuo chenyewe nilikiacha mwaka wa pili. Fanya hesabu hiyo mwenyewe, mimi nimeifanya mara nyingi usiku.

Sasa, miezi michache iliyopita nikaona ndugu yake sokoni Gilgil, imelala kwa sanduku la chaja mbovu. Seiko 5, uso wa samawati, haina mkanda. Jamaa alitaka 2,500, tukaelewana 1,800. Nikajiambia nitamnunulia mkanda wowote nimpelekee mzee. Hapo kwa "mkanda wowote" ndipo nilipokosea, na ndiyo maana ninakuandikia.

Anza kwa kujua una nini mkononi. Geuza saa uangalie mgongo. Kwa Seiko za zamani utaona namba mbili za tarakimu nne zilizounganishwa na kistari. Nne za kwanza ni za mashine iliyo ndani, nne za pili ni za ganda. Yangu inaanza na 7009, mashine ya vito 17 inayojijaza yenyewe mkono ukitembea. Hii huwezi kuitia ufunguo, kwa hiyo usizungushe kile kifungo cha pembeni ukidhani imekufa. Itikise polepole, uivae nusu saa, ndipo uhukumu.

Kando kuna namba nyingine, ya tarakimu sita. Ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi. Lakini mwaka ni tarakimu moja tu, haisemi ni muongo gani. Ikianza na 4, inaweza kuwa 1974 au 1984. Hapo unarudi kwa mashine: 7009 ni za mwisho wa miaka ya sabini na za themanini, kwa hiyo yangu ni ya 1984. Imenizidi umri kwa mbali.

Kisha chungulia chini kabisa ya uso, karibu na namba 6. Kuna maandishi madogo ajabu, tumia kamera ya simu uyavute. Yanafaa kuanza na namba ile ile ya mashine iliyo mgongoni. Zisipolingana, au uso unang'aa rangi ya peremende huku ganda limechakaa, jua umepakwa rangi upya au saa imeunganishwa kutoka kwa marehemu kadhaa. Si lazima uikatae. Ila usilipe bei ya saa iliyo kamili.

Mkanda sasa. Zile pembe nne zinazoshika mkanda mimi naziita masikio. Pima nafasi iliyo kati ya masikio mawili ya upande mmoja, kwa milimita, ndani kwa ndani. Usipime upana wa saa yote, wala mkanda wa zamani, kwa sababu unaweza kuwa ulibanwa kwa nguvu na mwenyewe. Rula ya shule inatosha ukiwa makini, lakini fundi yeyote wa saa ana kifaa cha kupimia na atakupimia bure ukimwomba vizuri. Seiko 5 nyingi za umri huu ni milimita 18. Nyingine ni 19, na hiyo milimita moja si mchezo: mkanda wa 18 kwenye 19 utacheza huku na huku mpaka ule pini.

Mimi sikupima. Nilinunua wa 20 kwa macho, nikaukunja ukaingia. Ulionekana poa kabisa. Siku ya tatu nikishuka matatu hapa stejini, pini ikaruka na saa ya Guka ikagonga lami. Nilisimama pale kama mtu aliyeangusha mtoto. Kioo kilichubuka, mashine ikaendelea kupiga. Wajapani walijua kazi yao.

Kwa hiyo neno juu ya pini. Ni kijiti chembamba chenye springi ndani, ncha zake zinaingia kwa vishimo vya masikio. Ukinunua saa kuukuu badilisha pini zote mbili hata kama zinaonekana nzima. Ni bei ya chapati kadhaa. Iliyopinda au yenye kutu itakuangusha, na itachagua siku mbaya.

Chaguo langu la kwanza lilikuwa ngozi. Fundi wa viatu mmoja Nakuru alinikatia mkanda kutoka kipande cha ngozi ya ng'ombe, akaushona kwa mkono, na ulipendeza kuliko ile ya dukani iliyo karatasi ndani. Ukitaka hivyo, mpelekee saa yenyewe, si namba tu, na umwambie apunguze unene pale mkanda unapozunguka pini, la sivyo utasugua ganda. Kasoro ya ngozi ni jasho na maji. Ukienda kuoga kwenye chemchemi za moto za Elementaita, ivue.

Nailoni ndiyo ninayovaa mimi. Ule mtindo wa kipande kimoja kirefu kinachopita chini ya saa ulitoka Wizara ya Ulinzi ya Uingereza mwaka 1973, na uzuri wake ni huu: pini moja ikikatika, saa inabaki imening'inia kwa ile nyingine. Ungeniokoa pale stejini. Inaoshwa kwa sabuni, inakauka usiku. Ila inainua saa juu kidogo, na kwa mkono mwembamba inaonekana kama umebeba mandazi.

Mikanda ya shanga tunayouziwa kando ya barabara? Mizuri mno, hasa kwa picha. Angalia tu upande wa ndani kama ina ngozi laini, maana uzi wa shanga ukikatika utaokota mpaka jioni.

Na lile vumbi letu. Diatomaiti ni mabaki ya magamba ya mwani mdogo wa majini wa zamani sana, na watu huitumia kusafishia na kung'arishia vyuma. Ikikaa kati ya mkanda na ganda inafanya kazi hiyo hiyo kwa saa yako. Mkanda wa chuma ndio unaoificha zaidi, katikati ya viungo. Mswaki wa zamani na maji kidogo kwa mkanda uliotolewa, mara moja kwa wiki kama unakaa huku.

Nikampelekea Guka ikiwa na ile ngozi ya fundi. Akaishika kimya. Akajaribu kufunga bizimu. Vidole vyake vimevimba viungo, ile sindano haikuingia tundu. Akajaribu tena. Nikataka kumsaidia, akanirudisha mkono. Mimi nilikuwa nimepima masikio, nimepima mzunguko wa kiganja chake kwa uzi akiwa amelala, na sikuwa nimeangalia vidole.

Nikarudi kwa fundi wa saa nikatafuta ule mkanda wa chuma unaovutika kama raba, usio na bizimu. Vijana tunaucheka eti ni wa wazee na unang'oa nywele. Ni kweli unang'oa. Nikachagua wa milimita 18 wenye springi laini, fundi akatoa viungo viwili usibane, kwa sababu ngozi ya mzee ni nyepesi na inachubuka haraka.

Jumapili Guka aliuvuta kwa kidole gumba kimoja, ukapita juu ya kiganja ukatulia. Nywele za mkono wake ziliisha zamani, hakuna cha kung'olewa. Akaisogeza karibu na sikio, akasikiliza.

"Umelipa ngapi?" akauliza.

Nikamwambia.

"Mimi waliniongeza mbuzi mmoja niuze," akasema, kisha akaomba chai.